Vitabu vitatu vya kuku nilivyonunua, nimevitumia bandani na jikoni, haya ndio niliyoyaona

Kila nikiweka picha ya kuku wangu statasi lazima nipate meseji mbili tatu, dada umesoma kitabu gani, dada nitumie ile PDF, dada kile cha mapishi ulichukua wapi. Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka kuandika yale yale, kwa hiyo leo nimekaa chini naandika yote kwa pamoja, itakuwa ndefu mnivumilie, maana kuku nawapenda na hela ya mtu ikipotea kwa kitabu kibovu inaniuma kama yangu.

Mi nafuga Kibaha, kienyeji wa asili na chotara, sasa hivi wapo 84 ukiacha vifaranga. Nilianza 2021 na tangu hapo nimenunua vitabu vitatu, PDF moja ya ufugaji niliyolipia kwa simu, kijitabu cha jalada la kijani nilichokipata Nanenane Morogoro 2022, na kitabu kikubwa cha mapishi ya kuku nilichonunua mjini Dar. Majina ya waandishi sitayataja wala waliouza, sitaki kuharibiana riziki, ila ntawaambia kilichomo ndani na cha kuangalia ili hata ukishika kingine kabisa pale dukani ujue kama kinakufaa kabla hujatoa hela. Na kitu kikubwa ninachokiangalia mimi ni kimoja, je mwandishi anakwambia ni kuku yupi na ana umri gani? Broila wa wiki tano, chotara wa miezi minne, koo la miaka miwili, hawa wote tunawaita kuku lakini chakula chao, chanjo zao na sufuria zao haziingiliani hata kidogo. Mwandishi anayesema tu kuku, kuku, kuku, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, mimi huyo simwamini.

Naanza na PDF kwa sababu ndio iliyoniumiza.

Nililipa 7,000, kurasa 64, nikaipokea kwenye simu ndani ya dakika mbili. Kilichonivuta ni jedwali la faida, lilikuwa limewekwa kwenye tangazo lenyewe, kuku wa kienyeji 100, mayai 100 kwa siku, trei tatu na mayai kumi juu, zidisha kwa bei ya trei zidisha kwa siku 365. Yaani ukiangalia ile hesabu unaona ada ya mtoto imeisha. Sasa nikuombe kitu, ukiona jedwali la namna hiyo funga kitabu hapo hapo. Kuku wa kienyeji wa asili anataga mayai kama 10 mpaka 15 halafu anaatamia siku 21, halafu analea vifaranga wiki kadhaa, halafu ndio anarudi tena kutaga, kwa mwaka unapata kama mayai 40 mpaka 60 kwa kuku mmoja. Kwa hiyo matetea 100 ni mayai elfu nne mpaka elfu sita kwa mwaka, PDF inakwambia elfu thelathini na sita na mia tano! Na hapo majogoo hawajatolewa kwenye hiyo mia. Hata yule wa kisasa wa mayai ambaye kazi yake ni hiyo tu, akitunzwa vizuri sana anacheza kwenye 300 hivi kwa mwaka, hakuna kuku wa yai kila siku ya Mungu mwaka mzima.

Lakini hela tu ningesamehe. Shida ilikuwa chanjo. Kwenye kurasa zote 64 kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku banda zima, kimepewa mstari mmoja, siku ya 7 wape chanjo kwenye maji, basi, sentensi imeisha. Mimi nikafanya kama ilivyoandikwa, nikachota maji ya bomba yale yanayonuka dawa, nikachanganya, nikawawekea saa tano asubuhi jua limeshachoma, vifaranga wengine wakanywa wengine hawakusogea kabisa kwa sababu hawakuwa na kiu. Nikaona nimemaliza kazi. Sikurudia tena kwa sababu hakuna aliyeniambia kurudia. Kuku walipofika wiki ya tisa, nakumbuka ilikuwa Jumatatu, nikakuta sita wamesimama pembeni mabawa yameshuka, chini yao choo cha kijani. Jumatano wengine shingo zimepinda wanazunguka wenyewe kwa wenyewe, wengine wanavuta pumzi mdomo wazi. Walikuwa 120, Jumapili wamebaki 31. Mwanangu alikuwa na kitoto chake cha kuku cheupe alichokuwa anakibeba kila akitoka shule, kile nacho kilienda.

Afisa mifugo wa kata alipokuja aliniuliza maswali matatu, ulitumia maji gani, uliwapa saa ngapi, ulirudia lini. Nikampa simu asome mwenyewe ile PDF, akasoma ule mstari, akanirudishia simu taratibu akasema, “Dada yangu, hii imekutajia chanjo tu, haijakufundisha kuchanja.” Akanieleza pale pale nikiwa nimesimama na ndoo ya chokaa, kwamba ile dawa ya kusafishia maji ya bomba inaua chanjo, kwamba unawanyima maji kama masaa mawili kwanza ili wote wanywe kwa mkupuo, asubuhi na mapema kabla ya jua, na kideri kinarudiwa, hakichanjwi mara moja ukasahau. Na kwamba kikishaingia hakina dawa. Hayo yote yangeenea nusu ukurasa tu!

Kingine kwenye hiyo PDF ambacho nataka kila mwenye nayo akakague leo hii ni jedwali la kuchanganya chakula. Imeandikwa chakula kilo 100, mahindi ya kuparaza 40, pumba za mahindi 25, mashudu ya alizeti 20, dagaa 10, unga wa mifupa 2.5, chokaa 1.75, chumvi kilo 5, premiksi ya vitamini na madini 0.25. Jumlisha mwenyewe. Inakuja 104 na nusu. Chumvi ilitakiwa iwe nusu kilo, mtu kadondosha sifuri na nukta, na hakuna aliyepitia. Kilo tano za chumvi kwenye chakula cha vifaranga ni sumu, watakunywa maji mpaka wafe, na mfugaji atakaa anadhani ni ugonjwa umeingia. Mi nilinusurika kwa sababu mume wangu ndiye alikuwa anapima na akashtuka kuona mfuko wa chumvi unakwenda. Kwa hiyo ushauri wangu kwa kitabu chochote cha ufugaji, kabla ya kulipa fungua ukurasa wa chakula toa kikokotoo cha simu jumlisha, isipofika 100 kamili rudisha. Kuna pia kurasa zinazoeleza kukinga banda na theluji, inaonekana wazi imechukuliwa ya nchi za baridi ikageuzwa Kiswahili hivyo hivyo. Nyota sitoi.

Sasa kijani.

Hiki nilikiona Nanenane mezani pembeni ya mabanda ya mbegu, 5,000, kurasa 48, karatasi zile za kawaida kabisa, picha nyeusi na nyeupe, na maneno kadhaa yamekosewa herufi. Ukikiweka pembeni ya vingine huwezi kukichukua. Mi nilikichukua kwa sababu nilifungua katikati nikakuta kurasa sita nzima za chanjo, na nilikuwa bado na kidonda cha kideri moyoni, nikalipa bila kuuliza bei mara mbili.

Zile kurasa sita zina ratiba kwa siku na kwa aina ya kuku. Mahepe, ule ugonjwa wa kupooza, siku ya kwanza kule kule anakototolewa, kideri siku ya 7, gumboro, ule unaoshusha kinga ya vifaranga, siku ya 14, kideri tena siku ya 21, gumboro tena siku ya 28, ndui kwenye wiki ya sita mpaka ya nane kwa sindano ya kwenye bawa, halafu kideri kila baada ya miezi mitatu maisha yake yote. Pembeni ya kila moja ameandika inatolewaje, kwa maji, kwa jicho au kwa bawa, na kama ni maji basi maji gani. Anasema kabisa tumia ya kisima kisafi au ya mvua, ukikosa basi weka maziwa ya unga yasiyo na mafuta kidogo kwenye maji kabla ya kuchanganya chanjo. Mimi hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta na sikujua kama kipo.

Na kwa sisi wa kienyeji kaeleza ile chanjo ya tone la jicho, I-2, ambayo asili yake ni Australia na siku hizi inatengenezwa hapa hapa kwetu Kibaha. Uzuri wake inavumilia joto kuliko zile za kawaida, kwa hiyo mtu wa kijijini asiye na friji anaweza kuifikisha nyumbani ikiwa bado nzima, ila isipigwe jua na ikifunguliwa iishe siku hiyo hiyo. Tone moja kwa kila kuku, mkubwa mdogo sawa sawa, kila miezi mitatu mpaka minne. Siku ya kwanza kuifanya tuliamka saa kumi na moja alfajiri wakati bado wako juu ya vichanja wamelala, mimi na mwanangu mkubwa na kijana wa jirani, mmoja anakamata mmoja anashika kichwa kikae ubavu, mimi nadondosha. Kitabu kinasema usimwachie mpaka umuone amepepesa jicho, tone likizama ndio limeingia. Nilimuona wa kwanza amepepesa, nikasema huyu tayari, mwanangu akawa anahesabu kwa sauti, tulimaliza 57 kabla jua halijatoka. Tangu siku ile kideri kimepita mtaani mara mbili, kwa majirani wamezika, kwangu hajafa hata mmoja kwa kideri.

Sehemu ya bruda, pale pa kulelea vifaranga kwa joto, nayo nzuri mno. Amechora miduara mitatu kwa mkono tu, wala sio mchoro wa kitaalamu, mduara wa kwanza vifaranga wamerundikana katikati chini ya joto, hao wana baridi, wa pili wamekimbilia ukutani wote midomo wazi, hao wana joto, wa tatu wametawanyika wengine wanakula wengine wamelala wamenyoosha bawa, hao wako sawa. Ameandika nyuzi 33 mpaka 35 wiki ya kwanza halafu unashusha kama tatu kila wiki, lakini akasema asiye na kipimajoto awaangalie vifaranga wenyewe. Umeme ulivyokatika usiku nikiwa na vifaranga wa siku nne niliingia na tochi nikakuta ule mduara wa kwanza kama alivyouchora, wameshikana mpaka wa chini wanalia kwa sauti ile kali. Nikawasha mkaa nje mpaka ukawa mwekundu kabisa hauna moshi, nikautia kwenye chungu, nikaweka katikati na tofali kuzunguka wasiungue, dirisha la juu nikaliacha wazi maana hapo hapo kwenye kitabu ameandika kwa herufi kubwa kwamba hewa ya mkaa inaua ukifunga banda, inaua vifaranga na inaua na wewe uliyekaa nao. Nusu saa nikarudi, wametulia, kelele zimekuwa zile za chini chini za kuongeleshana. Nikakaa nao mpaka adhana ya alfajiri.

Jedwali lake la chakula linafika 100, nimejumlisha yote manne, la vifaranga, la wanaokua, la wanaotaga na la kunenepesha. Na kaeleza kwa nini chokaa nyingi ni ya wanaotaga tu, ukiwapa vifaranga chakula cha mama zao unawaharibu figo. Kuna na ujanja wa dagaa, chukua konzi moja mimina kwenye bakuli la maji koroga, mchanga unazama, utajua umenunua dagaa au umenunua ufukwe. Nilifanya dukani mbele ya muuzaji na nikapunguziwa bei.

Ila aya iliyonigusa zaidi kwenye kitabu kizima ni ya mahindi yaliyoota ukungu. Sisi tuna tabia mahindi yakiharibika tunasema haya ya kuku. Yeye anasema hapana, sumukuvu, yaani sumu ya huo ukungu, inadumaza kuku, inaharibu ini, inashusha kinga kiasi kwamba hata chanjo haishiki vizuri, na mabaki yake yanaweza kurudi kwako kwenye ini na mayai unayokula. Tukumbuke 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu, watu kabisa, familia. Tangu nisome pale gunia likinuka uvundo kwangu halipiti mlangoni.

Kasoro zipo na siwezi kuzificha. Ukurasa wa 37 anasema shubiri na kitunguu saumu vinatibu kideri, na kurasa kumi nyuma yeye mwenyewe kasema hakina tiba, huo ukurasa kwenye nakala yangu nimeupiga kalamu nyekundu ili hata nikiazimisha mtu asipotee. Halafu kwenye antibayotiki anatoa vipimo vizuri lakini hasemi siku za kusubiri, yaani ukimpa kuku dawa leo mayai yake na nyama yake usile wala usiuze mpaka siku zilizoandikwa kwenye lebo ya dawa ziishe. Hili kosa kubwa jamani, tunauzia majirani zetu, tunalisha watoto. Na kingine, kitabu kinaishia sokoni. Kuku amekua, uza, mwisho. Kuchinja hakuna, kunyonyoa hakuna, kupika hakuna. Hata hivyo kwa 5,000 natoa nyota nne bila kusita, na ndio pekee kinachokaa bandani kwangu, kimefungwa kwenye nailoni juu ya mlango.

Kwa sababu ya hapo kilipoishia ndio nikanunua kile cha mapishi.

28,000. Karatasi za kung'aa, picha rangi, kila ukurasa unatamani kula, mapishi 45 yote ya kuku. Nilikiweka mezani sebuleni wiki nzima naangalia picha tu. Jumapili moja mama mkwe wangu akaja kutoka Tanga, nikasema leo nampikia kuku wa kupaka kama wa kwao, nikachagua koo moja lililokuwa limeacha kutaga, miaka miwili na zaidi, mnene kabisa. Kitabu kinasema kata kuku vipande vinne, chemsha na tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na chumvi dakika 20, halafu choma kwenye mkaa huku ukimpaka mchuzi wa nazi. Nikafuata. Dakika 20 nikachoma uma, haukuingia. Nikaongeza 20 nyingine, hauingii. Wageni wako sebuleni, wali umeiva, mimi niko jikoni natoka jasho.

Mama akaingia, akafunua sufuria, akabonyeza paja kwa kijiko, akaniuliza, “Mwanangu, huyu ana mwaka wa ngapi?” Nikamwambia wa tatu huu mama anauanza. Akacheka kwa upendo akasema, “Huyu koo, si pora huyu. Mpe maji na umpe muda, na kanitafutie papai bichi.” Nikakata papai bichi uani, akamenya kipande kama kiganja, akatumbukiza, akafunika, akapunguza moto. Ilichukua karibu masaa mawili mengine lakini ile nyama ilivyotoka ilikuwa na ladha ambayo broila hawezi kuifikia hata umwekee viungo vya dunia nzima. Supu yake tuliinywa kabla, na ndimu na pilipili, baba watoto akaomba kikombe cha pili.

Baada ya hapo nikakipitia kitabu upya mapishi yote 45 nikitafuta sehemu moja tu iliyoandika umri wa kuku. Hamna. Kila mahali kuku mmoja, kuku mmoja, kuku mmoja. Ukijaribu na broila wa wiki tano sita wa kilo na nusu muda wake uko sahihi kabisa, nimejaribu mapishi kumi na moja na yote yametoka vizuri, pilau yake tamu, kuku wa kukaanga anatoka mkavu nje na laini ndani, vipimo vya viungo kavipima kwa kijiko sio kwa kukisia. Kwa hiyo mwandishi anajua kupika na hilo nampa sifa zake zote. Alichosahau ni kwamba nusu ya wasomaji wake wana kienyeji kwenye sufuria, na mtu akishachinja kuku wake wa 30,000 akamtoa mgumu kama kandambili mbele ya wageni analia.

Mambo mengine mapishi kumi na nne yanataka kifua kisicho na mfupa, na tisa yanataka oveni. Firigisi, maini, utumbo, shingo, miguu, vichwa, hakuna hata ukurasa mmoja, wakati kwetu firigisi ina heshima yake na miguu inapikwa supu inauzwa jioni barabarani. Kwenye nazi anaandika maziwa ya nazi vikombe viwili na kuishia hapo. Vikombe viwili vya lipi? Tui la kwanza zito, lile kasimile, ukilitia mwanzo likachemka muda mrefu linakatika linabaki mafuta juu na maji chini. Mama alinionyesha, tui jepesi la pili ndio linapikia, kasimile inaingia mwishoni moto umeshuka unakoroga upande mmoja mpaka ianze kutoa povu dogo dogo, hapo ipua. Na mahali pengi kitabu kinasema osha kuku mzima chini ya bomba la maji, siku hizi wataalamu wa chakula Uingereza na Marekani wanakataza hilo kwa broila aliyeshasafishwa kwa sababu maji yanaruka na vijidudu vya salmonela vinaenda kwenye kachumbari na vyombo. Moto ndio unaoviua, nyuzi 74 ndani ya nyama, kama huna kipimajoto chana paja karibu na mfupa uone maji yanatoka meupe hayana damu. Uliyemchinja nyumbani lazima umsafishe, sawa, ila fanya kwenye beseni taratibu na ubao wa nyama usikatie nyanya.

Nyota tatu. Mtu wa broila anayepika mjini anaweza kunipinga akampa nne na nitamuelewa.

Katikati ya hivi viwili, pale kijani kilipoishia na mapishi yalipoanzia, kuna kipande cha kazi ambacho hakuna kitabu kilichonifundisha, nimefundishwa na mama mkwe na kijana wa jirani anayetuchinjia, yeye ni Mwislamu na tunamuita yeye ili mgeni yeyote akija ale bila wasiwasi. Kuku wa kuchinjwa kesho asubuhi leo jioni anyimwe chakula apewe maji tu, utumbo unakuwa mtupu na kazi ya kupasua inakuwa safi, nyongo huipasui kwa bahati mbaya ukachafua ini lote. Maji ya kunyonyolea yasichemke, yakichemka ngozi inachanika, yawe yale ambayo ukitumbukiza kidole unakitoa haraka bila kuungua, mzamishe mpaka unyoya wa bawa ung'oke bila kuvuta kwa nguvu. Na akishasafishwa usimkimbize sufuriani hapo hapo, mwache masaa kadhaa mahali pa baridi au kwenye friji mpaka alegee, nyama inayopikwa ikiwa imekaza inabaki imekaza. Hii ya mwisho ingeniokoa ile Jumapili hata kabla ya papai.

Kwenye ukurasa mweupe wa mwisho wa kile kitabu cha mapishi nimeandika kwa kalamu muda wangu mwenyewe, wa jiko la mkaa na sufuria yenye mfuniko mzito, mnaweza kuuchukua. Broila wa wiki sita dakika 35 mpaka 40. Chotara wa miezi minne kama saa moja. Pora wa kienyeji wa miezi sita saba, saa moja na nusu. Koo au jogoo mzee, masaa mawili na nusu mpaka matatu, ukiweka papai bichi unapunguza kama nusu saa ila lisizidi, likizidi nyama inakuwa uji. Presha kuka inakata muda sana ila mimi sina kwa hiyo siwezi kuwasemea.

Wanaouliza wanunue kipi, kama unafuga tafuta kijitabu cha namna ya kijani, hata kama sio hicho hicho, fungua chanjo kwanza, kisha jumlisha chakula, kisha uliza afisa mifugo wa kata yako akupitishie ratiba maana magonjwa yanatofautiana kwa eneo, na muulize pia kama ana vipeperushi vya chanjo. Cha mapishi nunua kama una 28,000 ya ziada na unapika broila mara kwa mara, kama huna kaa jikoni na mtu mzima siku mbili. PDF za majedwali ya faida ziacheni jamani. Na kama kuna mwandishi anasoma hapa, mmoja tu, atuandikie kitabu kinachoanzia kwenye yai mpaka kwenye sahani, kila ukurasa useme kuku yupi na wa umri gani, mimi nitanunua nakala kumi nigawie kikundi chetu cha akina mama, hilo naahidi.

Naishia hapa kwa leo, kuna tetea wangu mwekundu ameatamia mayai 12, nilimulika na tochi siku ya 7 nikaona mishipa imetawanyika kama utando wa buibui kwenye kumi na moja, leo ni siku ya 20 na nilipoinama jioni nimesikia mlio ndani ya yai, kijani kinasema kuanzia siku ya 18 usimwinue, kwa hiyo namsogezea tu maji na punje karibu na kiota.